Mkono Chini ya Tandiko

Mimi ni mtu wa hasira. Sisemi hivi kwa kujisifu wala kwa kuomba radhi. Nasema tu ili msomaji ajue mapema ameketi na nani. Mama hudai nilitoka tumboni nimekunja uso na sijaukunjua hadi leo. Marehemu baba alikuwa fundi baiskeli hapa Kamenge, na kila nilipopandisha mori utotoni alinipa rimu iliyopinda niinyooshe mpaka nitulie. Nilijua kunyoosha rimu kabla sijajua kusoma.

Siku hizi hasira hunipanda zaidi ninaposifiwa. Mashindano ya Ulaya yakishafungwa, wenzangu wa timu hutawanyika kutafuta jua la kufanyia mazoezi, nami hurudi Bujumbura na begi la baiskeli na ratiba niliyoandikiwa na mkufunzi wa huko. Nikipita Kamenge wananiita shampiyo, yaani bingwa. Mwenye kibanda cha simu amebandika picha yangu ukutani, nimevaa jezi ya timu, nimetabasamu kama mjinga. Wanafunzi wa chuo kikuu hunisimamisha tupige picha. Nawapungia wote mkono, maana hawajanikosea kitu, lakini moyoni huwa natukana matusi ambayo mama angeyasikia angeninyima chakula.

Ngoja nieleze jambo lenyewe.

Miaka michache iliyopita, klabu yetu ndogo ya baiskeli za milimani ilipata barua kutoka timu moja ya Ulaya. Wakati kwao ni baridi na barafu, timu hiyo huenda Afrika Kusini kufanya mazoezi kwenye joto na kushindana kidogo kabla msimu haujafunguliwa. Walikuwa wanatafuta mwendeshaji mmoja kutoka nchi zetu. Mmoja tu. Klabu ilete wawili, wakae nao kambini wiki tatu, kisha washindane nao siku ya mwisho. Atakayemaliza ndani ya kumi bora atachukuliwa. Wakiingia wote wawili, atachukuliwa aliyetangulia; asipoingia hata mmoja, nafasi itapelekwa nchi nyingine.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Katika mchezo huu, huo ni umri ambao timu inakutazama kwa mara ya mwisho, baada ya hapo inatazama wadogo zako. Niliitaka ile nafasi kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Niliiota mchana nikiwa nimeshika spana.

Wa pili alikuwa mwenzangu. Nitamwita hivyo tu, kwa sababu jina lake sina haki ya kulitumia. Alizaliwa juu mlimani, kando ya barabara ya Bugarama, nyumba yao mlango ukitazamana na lami. Tangu ujana wake alikuwa mmoja wa wale wanaoshusha ndizi mjini kwa baiskeli. Msomaji wa hapa anawajua: mikungu minne au mitano kwenye keria, kilomita thelathini na zaidi za kuteremka, na breki ni soli ya kandambili iliyokandamizwa kwenye tairi. Wakishauza mzigo Kamenge hurudi juu wameshika nyuma ya lori, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine kwenye usukani. Kupanda mlima ule kwa miguu yako mwenyewe ni kujitesa bure, ndivyo wanavyoona wao. Yeye kocha wa klabu alimgundua wakati mafuta yalipokosekana nchini, malori yamelala kwenye foleni za vituo, hakuna cha kushika. Kocha alikuwa amekwama na gari lake kandokando ya mlima. Akamwona kijana anapita akipanda peke yake, amebeba gunia la chumvi nyuma, anapiga mluzi.

Kocha wetu alikuwa mtu wa Kinanira, mtaa wa matajiri, nyumba yenye geti na bustani, aliyesoma nje na kurudi na Kiingereza safi. Alimwambia aache ndizi, akampa baiskeli ya klabu, akaniambia mimi nimfundishe gia. Nilimfundisha. Ndani ya miezi sita alikuwa ananiacha kwenye kila mlima. Nilinuna kweli. Mimi nilikuwa na miaka minane kwenye klabu, nimelala na baiskeli, nimekula ugali mkavu ili nisinenepe, halafu anakuja mtu wa ndizi ananitangulia huku anaimba. Isitoshe alikuwa mtu mwema, hata kumchukia kulikuwa kazi ngumu.

Mvua zilipoanza na mashindano ya hapa yakafungwa, sisi wawili tuliendelea. Kila alfajiri tulikutana darajani chini ya mlima tukapanda. Kocha alitufuata kwa gari akiwa na mafuta, asipokuwa nayo alitupigia simu kutuuliza tumefika wapi, nasi tulimdanganya. Siku za matope tulikuwa tukishuka kwenye vijia vya migombani, tunaanguka, tunaamka, wanawake waliokuwa wanalima wanatucheka mpaka wanaegemea majembe. Nikikumbuka siku zile nakiri kwamba zilikuwa nzuri, na hiyo nayo inaniudhi.

Wakati ule ndipo nilipojifunza mambo ya lori. Nilidhani kushika lori ni wazimu tu wa vijana, kumbe kuna sheria. Malori ni machache na nafasi ya kushika ni ndogo, kwa hiyo anayekuja nyuma humshika mwenzake wa mbele. Anaingiza mkono chini ya tandiko la baiskeli yake, anagonga mara mbili kwa vidole. Wa mbele akiitikia kwa kichwa, basi amembeba. Kuanzia hapo haruhusiwi kuachia lori, kufunga breki wala kukata kona bila kupiga kelele kwanza. Asiyegonga ni mwizi. Anayegongewa akamwangusha mwenzake, hakuna atakayempa mkono tena kwenye barabara ile, hata akipasukiwa na tairi mbele ya nyumba za watu. Mwenzangu aliniambia kuna mzee mmoja kijijini kwao ambaye bado hasalimiwi kwa kosa hilo, na yule aliyeangushwa ameshakufa kwa malaria miaka mingi iliyopita.

Tukichoka siku za mazoezi marefu, kocha akiwa mbali, na sisi tulishika. Mara nyingi yeye alikuwa mbele kwenye lori, mimi nyuma yake. Niligonga, akaitikia, akanibeba mpaka kwao. Mama yake alitupa uji wa mtama kwenye vikombe vya plastiki. Nimebebwa na mkono ule mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Tukaenda Afrika Kusini. Kambi ilikuwa kwenye shamba la mizabibu, milima imezunguka, joto kavu linalopasua midomo. Wale wa timu walikuwa watu wa adabu na vifaa. Kila mmoja alikuwa na baiskeli mbili na mtu wa kumsugua miguu. Walitupokea vizuri, wakatupa nguo, wakatuuliza kuhusu sokwe, ambao sisi wawili hatujawahi kuwaona. Mezani tuliwekewa majani mabichi na tambi. Mimi nilimeza. Mwenzangu alijaribu, akacheka, akaomba chumvi.

Siku mbili kabla ya mashindano tumbo lake likachafuka. Alikuwa akikimbilia msalani kila baada ya nusu saa, macho yameingia ndani. Nikamwambia kocha tumtafutie daktari wa timu, alikuwa chumba cha jirani tu. Kocha akakataa. Alisema wakijua ni mgonjwa watamtoa kabla hajaanza, na nguvu ya klabu ni kuwa na watu wawili kwenye mstari. Akamnunulia maji ya sukari na vidonge dukani. Nilipandisha sauti kidogo, kisha nikanyamaza. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu: mwenzangu akiwa mgonjwa, mimi natangulia.

Siku ya mashindano alianza kana kwamba hana kitu. Mlima wa kwanza alikuwa na watu wa mbele kabisa, nikaona mgongo wake unapotea kwenye kona nikasema basi, imekwisha. Mlima wa pili nikamkuta. Mlima wa tatu, wa mwisho, ulikuwa mrefu, barabara ya mawe mekundu inayopanda bila kivuli, nami nilikuwa mbele yake kama hatua kumi. Nilisikia pumzi yake nyuma. Ilikuwa pumzi mbaya, ya mtu anayetapika bila kutoa kitu. Sikugeuka.

Kisha nikasikia mkono chini ya tandiko. Vidole viligonga mara mbili.

Nimeulizwa na nafsi yangu mara nyingi kwa nini niliitikia. Ningependa kusema ni kwa ajili ya undugu. Sikufikiri chochote. Kichwa kiliinama chenyewe, kama kilivyoinama kwenye barabara ya Bugarama nilipokuwa mimi wa mbele, na miguu ikaongeza nguvu ili ibebe watu wawili. Tulisahau kabisa kwamba mbele yangu hakukuwa na lori. Wale wazungu hawangeweza kufanya kosa lile hata wangelipwa. Ni sisi tu tungeweza kulifanya. Nilimvuta mpaka karibu na kilele, meta mia mbili, labda mia tatu, na hapo pikipiki ya waamuzi ikatokea nyuma yetu ikatufuata polepole. Mwenzangu aliachia mwenyewe. Nadhani hakuiona pikipiki, alikuwa tu amevuka pale pagumu.

Nilimaliza wa saba. Yeye alimaliza wa tisa, akaanguka chini baada ya mstari, wakambeba kwenda kwenye kivuli. Wote wawili tulikuwa ndani ya kumi, mimi nimetangulia. Kwa dakika kama ishirini hivi nafasi ilikuwa yangu kihalali, au nilidhani hivyo, na meneja wa timu alinipa mkono mbele ya watu.

Kisha tukaitwa kwenye hema la waamuzi. Walimwingiza mwenzangu kwanza. Alikaa humo muda mfupi, akatoka akitembea kama mlevi, akaenda kulala tena chini ya mti bila kunitazama. Wakaniita mimi. Mwamuzi mkuu alikuwa mama wa makamo mwenye kofia pana na sauti ya upole, Kiingereza tupu. Kocha aliingia nami kutafsiri. Mama yule alieleza sheria zao taratibu, naye kocha akanipa kwa Kiswahili. Mwenzangu alionekana akinishika. Ameulizwa, amesema hakumbuki kitu. Sasa wanataka kujua kwangu. Kama mlikubaliana, ni kusaidiana kusikoruhusiwa, na kila mmoja anaongezewa dakika tano. Kama alikushika bila ridhaa yako, hiyo ni hila, anafutwa yeye peke yake na wewe huguswi.

Dakika tano zingenitupa nje ya kumi bora, na yeye vilevile. Nafasi ingekwenda kwa mtu wa nchi nyingine. Nililijua hilo kabla kocha hajamaliza sentensi.

Nikasema ukweli. Naapa nilisema. Nilimwambia kocha kwa Kiswahili, "Aligonga mara mbili, nami nikamwitikia. Kwetu ndivyo tunavyofanya, waelezee."

Kocha alinitazama kidogo. Kisha akamgeukia yule mama akasema kwa Kiingereza chake safi kwamba nilikuwa nimechoka, sikuhisi chochote, na nimeshangaa kusikia kuna mtu alinishika.

Kiingereza changu si cha kuhutubia, lakini si kiziwi. Nilielewa kila neno. Yule mama akanitazama mimi, si kocha, akaniuliza taratibu kama ndivyo ilivyokuwa. Neno la kukataa kwa Kiingereza nilikuwa nalo. Ni fupi, hata watoto wa Kamenge wanalijua. Nikaitikia kwa kichwa.

Tulipotoka nje nilimrukia kocha. Nilimwita mwongo, nilimwita mnafiki, nilipiga teke beseni la maji la watu nikalimwaga lote. Watu walisimama kutazama. Yeye alingoja nimalize, akapangusa suruali yake.

"Yule alikuwa ameshapotea," aliniambia. "Ulitaka nirudi Bujumbura bila mtu? Kama una neno, hema lile pale. Ingia."

Hema lilikuwa hatua ishirini. Mlango wake ulikuwa wazi, yule mama alikuwa bado anaandika. Niliendelea kumfokea kocha. Nilimfokea mpaka sauti ikakauka, na yule mama akafunga karatasi zake akaondoka na gari. Nimekwisha kusema kwamba mimi ni mtu wa hasira. Siku ile niligundua kwamba hasira yangu hujua sana kuchagua inakokwenda.

Mwenzangu alifutwa. Jina lake lilibandikwa ubaoni peke yake, na neno walilotumia lilikuwa lile la hila. Wale wa timu waliokuwa wanamcheka kwa wema mezani sasa walikula bila kumtazama. Kwenye ndege alinipa kiti cha dirishani. Alisema mimi ndiye ninayehitaji kuzoea ndege.

Tulipofika Bujumbura kocha alichukua baiskeli ya klabu. Hakumfukuza kwa maneno, alisema tu kwamba klabu inapumzika kwanza na atamwita. Hakumwita. Kabla ya wiki mbili mwenzangu alikuwa amerudi kwenye baiskeli yake ya chuma na mikungu yake. Nilimwona siku moja anaingia Kamenge na mzigo, nikajificha nyuma ya gari la mizigo la watu mpaka apite. Mtu mzima, mshindi wa saba, nimechutama nyuma ya tairi.

Karatasi zangu za safari zilikuwa zimeshatoka. Ilikuwa imebaki wiki moja niondoke, Jumapili baada ya adhuhuri, tumekaa uani kwetu mimi na mama, ndipo mwenzangu akabisha hodi. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani na amebeba mkungu mzima begani. Nikajua amekuja kunipiga. Nilifurahi, wallahi. Nilisimama nikajiandaa, nikawa natamani anianze mbele ya mama ili jambo litoke lenyewe.

Akatua mkungu, akamsalimia mama kwa mikono miwili, akakataa kiti. Akasema na mama, si na mimi.

"Mama, nilikuya kuomba musamaha. Kule tulienda, nilishika mutoto yako bila kugonga. Sikumbuki vizuri, nilikuwa mugonjwa, lakini walisema ye hakusikia kitu. Basi sikugonga. Kwetu mutu wa vile ni mwizi. Nusura nimuharibiye safari."

Mama hakujua kugonga ni nini wala kushika ni nini. Alijua tu kwamba kuna mtoto wa watu amesimama mbele yake anaomba radhi. Alimshika mkono akamketisha.

"Mutoto yangu, ile ilisha," alimwambia. "Mungu alishapanga. Ulikuya na miguu yako mpaka kwangu, ni wachache wanafanya vile. Kula kwanza."

Akatuletea ugali na ndagala, vile visamaki vya ziwani, na sombe ya majani ya muhogo, sahani moja, kwa sababu kwa mama watu waliopatana hula sahani moja. Tukala. Nilimkasirikia mama kwa wema wake. Nilimkasirikia yeye kwa jinsi alivyokula kwa raha, mtu aliyetua mzigo. Kila alipochovya tonge karibu na upande wangu alisogeza samaki upande wangu. Nilikuwa na nafasi ya kusema tangu tonge la kwanza hadi mama alipoleta maji ya kunawa. Niliongelea mvua. Niliongelea bei za tairi.

Alipoaga nilimsindikiza, kama inavyopasa kumsindikiza mgeni, mpaka kwenye lami ambapo alikuwa ameegesha baiskeli yake. Wakati alipokuwa anafungua kamba ya keria ndipo mdomo ukafunguka. Nadhani ni kwa sababu alinipa mgongo.

"Uligonga," nilisema. "Mara mbili. Na mi nilikuitikia."

Aliendelea na kamba kidogo kisha akaacha. Nilimweleza yote, hema, kocha, yule mama mwenye kofia, kichwa changu kilivyoinama. Nilieleza haraka na kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyenikosea. Nilimwambia ni kocha. Nilirudia mara tatu kwamba ni kocha. Watu walipita, mmoja akatusalimia, yeye akamjibu vizuri tu.

"Niliomba musamaha kwa mama yako," alisema mwishowe. "Na we ulikuwa pale, unakula."

Nikamwambia nitaandika barua, nitawaambia wale wa timu, nafasi nitaiacha.

"Apana," alisema. "Uende. Ukiacha, mi sitapewa, atapewa mutu mwingine. Lakini ukirudi, kwetu usipite."

Alipanda baiskeli akaenda. Nilisimama pale nikingoja hasira ije inisaidie. Haikuja mpaka nilipofika nyumbani na kumkuta mama anakata zile ndizi na kuniambia nina bahati ya marafiki.

Nilikwenda. Ningependa kusema nilitupa jezi yao usoni mwao, lakini nilikwenda, na nimekuwa nao misimu minne sasa. Si bingwa, msiwaamini watu wa Kamenge. Mimi ni mtu wa kuwavuta wengine mpaka mlima wa mwisho kisha namaliza wa thelathini, na kazi hiyo naifanya vizuri. Kocha wetu wa Kinanira ameweka picha yangu sebuleni kwake na huwaonyesha wageni. Nikija huniita kula. Nilikwenda mara moja, nikagombana naye kabla ya chai, sijarudi.

Wakati wa mapumziko ya msimu, nikiwa hapa, mazoezi ni ile barabara ya Bugarama. Hakuna nyingine inayofaa, Bujumbura iko chini na milima iko kule. Napanda kila asubuhi peke yangu. Malori yanapita, vijana wameshika nyuma, wananipungia. Nafika kwenye kona iliyo chini ya nyumba yao, pale unapoanza kuona paa la bati la jikoni kwao, nageuza. Kilele bado kiko mbali, nusu nzima ya mlima haijaguswa. Mkufunzi wa Ulaya huona kila kitu kwenye kompyuta yake, mapigo ya moyo, kasi, ramani. Ameniandikia akiuliza kwa nini kila siku nageuza mahali palepale wakati mlima unaendelea. Nimemjibu kwamba barabara imekatika. Akaniandikia pole, akasema anajua mvua za kwetu zilivyo, na akanishauri nipande ile nusu mara mbili. Kwa hiyo naipanda mara mbili.

Mama mpaka leo hajaambiwa. Mimi sijamwambia, na mwenzangu naye hajamwambia, ingawa ana nafasi tele. Nikishaondoka tu kurudi Ulaya, siku mbili tatu hazipiti, mwenzangu huja kumsalimia. Hukaa uani, hula naye, hutengeneza kitasa au kumchotea maji, huacha mkungu wake na kuondoka. Mwezi ujao huja tena. Hakuna mwezi anaoukosa, isipokuwa miezi ninayokuwapo mimi. Na kila anapoaga humwuliza mama kwa adabu nitarudi lini hasa, tarehe ngapi. Mama hufurahi sana. Hunipigia simu jioni ileile kunieleza jinsi rafiki yangu anavyonikumbuka.